Papa wa Posta ametuacha. Nani anajua kwa nini hakuimbaga solo hata siku moja?

#1 Muana-Kadutu
Jambo wote. Wa Bukavu mmeshasikia: Papa wa Posta ametutoka, usiku wa kuamkia juzi, nyumbani kwake Kadutu, mama, mke wake, akiwa amemshika mkono. Kwa wasiomjua, ni ule mzee mrefu wa koti la kijivu aliyekuwa anasimama mwisho wa mstari wa wanaume, upande wa sakristia, sauti ya nne, yaani besi. Aliingia korali akiwa mtoto, wakati misa bado ni Kilatini, na alitoka hii mwaka tu kwa sababu miguu ilikataa kupanda ngazi. Katikati hapo alitumika posta mpaka pansio, ndiyo jina likamshika, hata watoto wa jirani hawakujua jina lake la kwenye kitambulisho.

Sitaki tulie tu humu. Nina swali linanisumbua tangu nilipoingia korali nikiwa kijana. Mtu mwenye sauti ile, akishuka kwenye fa ya chini unasikia benchi inatetemeka, kwa nini hakuimbaga solo? Maestro wamebadilika, mapadri wamebadilika, wote walimuomba. Alikuwa anajibu "mpe kijana", anafungua daftari lake, mazungumzo yameisha. Hakukasirika na hakueleza. Mimi nasema kulikuwa na sababu na nadhani ilitoka kwa mama. Wenye kujua waseme, tusimzike na habari zake zote.

#2 Sauti_ya_Pili
Pole sana kwa mama na watoto, pole kwa korali. Mkuu hapo juu umesema kweli, mambo yote ya Papa yalianzia kwa mama. Walijuana palepale korali, mama alikuwa sauti ya kwanza, na enzi zake solo zote zilikuwa za kwake, mimi nilimkuta bado anaimba na watu walikuwa wanatoka parokia zingine kuja kumsikia. Mama yangu mdogo aliyeimba nao tangu mwanzo anasema Papa alimwambia mama siku ya uchumba: weye uko unaimba juu, mimi nitakushikia chini, tusibadilishane. Sasa mtu akishasema hivyo kwa mwanamke na mwanamke akakubali ndoa juu ya neno hilo, atatoka mbele kuimba peke yake kwa sababu gani?

#3 Bagira_Quartier_C
Hapana bandugu, muko mbali. Hiyo iko mambo ya wakati wa Mobutu. Baba yangu alitumikaga biro ya pembeni na posta, miaka ya 70. Kila asubuhi mbele ya kazi munasimama kwa bendera, munaimba, munacheza, MPR ile chama ya Mobutu, Guide njo ye mwenyewe, yote ile animasio munajua. Bakasikia huyu kijana wa posta iko na sauti. Shefu moja akamuambia weye njo utakuwa unaanzisha, unaimba peke yako halafu benzako banaitikia. Akajibu: mimi sijuagi kuimba peke yangu, mimi niko mutu wa korali, naitikiaga tu. Bakamuacha, bakafikiri iko mushamba.

Sasa baba alisema, mutu akishajibu hivyo mbele ya batu ya chama, halafu siku ya yenga, Jumapili, anasimama kanisani anaimba solo na Bukavu yote inasikia, si kesho yake bangemuita? Njo akafunga mulango moja kwa moja. Na hata Mobutu alipokwenda, ye alibakia na neno yake. Mutu ya posta huyo, kitu akishagonga muhuri hakifutiki.

#4 Fundi_Solfa
Heshima kwa baba yako, Bagira, lakini hapo unampa Papa siasa ambayo mimi sikumsikia nayo. Nimeongoza korali ile, nawaambieni sababu iko wazi. Korali zetu wanawake wanajaa, wanaume wachache, na kati ya hao wachache wengi wanajiita besi kwa sababu tu hawafiki juu. Besi wa kweli, wa kushuka mpaka mi ya chini akiwa bado anatamka maneno, unaweza kuongoza miaka mingi usimpate. Huyo akitoka mbele kuimba solo nani anabaki chini? Umeme ukikatika kinanda kimenyamaza, korali inaanza kuteremka kidogo kidogo, mmeanza kwenye sol mnamaliza kwenye fa dièse na hakuna aliyejua mmeteremka saa ngapi. Papa ndiye aliyekuwa anazuia hiyo. Ni msingi wa nyumba, huwezi kuung'oa ukauweke juu ya paa ili watu wauone.

Tena angalieni vitabu vyetu. Solo nyingi zimeandikwa kwa soprano au tenor. Besi anapewa nini? Mistari miwili ya Mateso siku ya Ijumaa Kuu.

#5 Sauti_ya_Pili
@Fundi_Solfa na hata hiyo mistari miwili ya Ijumaa Kuu aliikataa! Na kuna wakati, mwanzo wa miaka ya 80, tulikuwa na mabesi wa kutosha, wanafunzi wa chuo walijaa kwetu. Alikataa vilevile. Hesabu yako haikubali.

#6 Lushois_wa_Kenya
Poleni ndugu zetu wa Kivu. Mimi niko Lubumbashi, kommune ya Kenya, sikumjua mzee lakini uzi umenishika maana baba mkwe wangu naye alitumika posta huku na alikuwa anaimba, nikaanza kufikiri labda posta ilikuwa inachukua watu wa korali makusudi. Swali: kama aliimba Kilatini akiwa mtoto basi alizaliwa Costermansville, si ndiyo, maana jina la Bukavu lilikuja 1966 pamoja na sisi kuitwa Lubumbashi?

#7 Mzee_wa_Nguba
Hapana mwanangu wa Lubumbashi. Elisabethville, Léopoldville na Stanleyville ndiyo ilibadilishwa 1966. Sisi Costermansville iliondoka katika miaka ya 50, Wabelgiji wakiwa bado wapo, Bukavu likarudi jina lake. Papa wa Posta kweli alizaliwa mji ukiitwa Costermansville, alikuwa anapenda kusema hivyo. Na Kilatini kiliendelea mpaka Mtaguso wa Vatikani wa Pili ulipofungua lugha za watu, hati ya liturujia ni ya Desemba 1963, huku kwetu badiliko likaja polepole baada ya hapo. Kwa hiyo aliimba Kilatini miaka yote ya utoto wake na mpaka uzee alikuwa akikijua kichwani bila karatasi.

Nataka niseme kuhusu kazi yake maana vijana mnaliita jina bila kujua. Posta ya Kongo haikuwa inaleta barua mlangoni. Ulikuwa na B.P., yaani sanduku la posta, au uliazima B.P. ya mtu, ya parokia, ya shule, ya kampuni, halafu jina lako linaandikwa juu yake. Ikaja 1972, Mobutu akafuta majina ya ubatizo, kila raia achukue jina la asili. Mnafikiri waliokuwa wanaandika kutoka Ubelgiji au Ufaransa walijua? Barua ziliendelea kuja kwa majina ya zamani, na mwenyewe sasa ana kitambulisho kinachosema jina lingine kabisa, anafika gishe, dirisha la posta, karani anamwambia barua hii si yako. Papa alikaa na daftari. Jina la zamani upande wa kushoto, jipya upande wa kulia. Aliuliza watu kanisani, sokoni, kwenye kilio, akaandika. Mimi barua ya mwalimu wangu wa zamani, iliyokuwa na habari ya masomo yangu, ilinifikia kwa sababu ya daftari lile. Ingerudi ilikotoka, maisha yangu yangekuwa mengine.

Kuhusu solo sijui. Kwa maoni yangu alikuwa mtu wa kupitisha kitu cha mwingine kifike salama, hakutaka kuwa yeye ndiye anayeonekana.

#8 Muana-Kadutu
Aksanti Mzee. Hilo daftari la majina sikulijua kabisa. Mimi nilijua daftari la nyimbo.

#9 Timbri_za_Zamani
Ongeza hapo Mzee jinsi jina la ofisi yenyewe lilivyokuwa linabadilika pamoja na nchi. Zaire ilipokuja 1971 ofisi ya posta nayo ikachukua jina la Zaire, 1997 ikarudi Kongo, ikawa OCPT, halafu kwenye mageuzi ya mashirika ya serikali ya 2009 ikawa SCPT. Mihuri, karatasi, yote. Na miaka ya 90 pesa ilikuwa inaanguka hivi kwamba timbri (stempu) zilizochapwa na bei moja zilikuwa zinagongwa bei mpya juu yake. Oktoba 1993 ilipotoka zaïre mpya, moja ilikuwa sawa na milioni tatu za zamani. Mimi nakusanya timbri na Papa ndiye alinifundisha kuzitoa kwenye bahasha kwa maji ya uvuguvugu, kuziweka kifudifudi zikauke, usivute kamwe. Alikuwa anashika barua mkononi anakuambia imepita gramu 20 au haijapita, halafu anaweka kwenye mizani kukuonyesha. Sikumwona akikosea.

#10 Dada_wa_Panzi
Mimi kaka yangu alikuwa anasoma mbali wakati nchi imekatwa, 1998 na miaka iliyofuata, huku kulikuwa na waasi wa RCD, Kinshasa upande mwingine, barua haipiti. Watu wa Bukavu tulikuwa tunatumia B.P. za Cyangugu, hata mashirika makubwa mtakumbuka anwani zao zilikuwa zinaandikwa hivyo, B.P. fulani Cyangugu, Rwanda, na wa Goma walitumia Gisenyi. Papa hakuwa na kazi ya kufanya gishe. Lakini aliendelea kwenda, kravati shingoni. Na kila alipopata nafasi alivuka mto Ruzizi, mpaka wa Rwanda, kwa miguu na barua za watu kwenye mfuko wa kitambaa. Hakutuomba franka. Barua ya kaka iliyotuambia amepona alituletea yeye mpaka mlangoni, amelowa mvua, mama akamlazimisha kunywa chai. Kabla ya chai kuisha akatuuliza: nani hapa nyumbani anaimba? Ndivyo nilivyoingia korali.

Solo? Nadhani alikuwa na haya. Wanaume warefu wengi wana haya.

#11 Noeli74
Mko mnazunguka. Sababu ni Noeli ya 1974. Mwaka ule Mobutu aliondoa Noeli kwenye sikukuu, tarehe 25 ikawa siku ya kazi. Papa alikuwa kijana na alikuwa amepewa solo ya misa ya Noeli, mavazi yameshonwa, mama yake mzazi amekuja kutoka kijijini Walungu kumsikia. Kumbe tarehe 25 ilikuwa Jumatano, lazima awe gishe, na walikuwa wanahesabu majina. Hakufika. Solo ikapewa mwingine. Mama yake akarudi kijijini bila kumsikia na hakuishi muda mrefu. Hivyo nilivyosimuliwa na mtu wa familia.

#12 Fundi_Solfa
@Noeli74 pole, lakini misa kubwa ya Noeli ni ya usiku. Usiku wa tarehe 24. Hakuna karani wa posta anayegonga mihuri saa sita za usiku. Solo zinaimbwa usiku ule.

#13 Noeli74
Na misa ya asubuhi je? Ile ya watoto na wazee? Mama mzee kutoka Walungu atapanda Kadutu usiku?

#14 Fundi_Solfa
Asubuhi tulikuwa hatuimbi solo. Asubuhi sauti zimechoka.

#15 Bagira_Quartier_C
Ninyi babili musianze. Kila uzi wa korali munamalizia kwa saa ya misa.

Lakini Noeli, hata habari yako inarudi kwa ile ile yangu, wakati ya Mobutu.

#16 Volkano_Goma
Poleni Bukavu. Sisi wa Goma tunamdai huyu mzee shukrani. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, kanisa kuu likaenda, na korali yetu karatasi zote zikaungua, hatukubaki na nyimbo hata moja iliyoandikwa. Tulikuwa tunakumbuka sauti ya kwanza tu maana ndiyo watu wote wanaijua, sauti za ndani zilikuwa zimepotea kabisa. Mtu akatuambia kuna papa mmoja Bukavu ana daftari. Akanakili kwa mkono, sauti zote nne, solfa safi kabisa, akafunga kwenye nailoni, akatuma kwa boti. Juu ya kifurushi aliandika anwani kamili kama ya posta, na mtumaji, na uzito. Mpaka leo tunaimba Pasaka kwa karatasi zile.

Halafu mnisamehe lakini mabesi wa Goma ni wengi kuliko wa kwenu, hewa ya volkano inashusha sauti.

#17 Sauti_ya_Pili
Hewa ya volkano inashusha sauti, na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, inapandisha? Karibu kilio uje uimbe tukusikie.

#18 Volkano_Goma
Nakuja na boti ya usiku kama Mungu akipenda. Niandalieni sambaza.

#19 Asubuhi_ya_Tetemeko
Jamani nyote mnasema hakuimba solo. Aliimba. Mara moja. Mimi nilikuwepo.

3 Februari 2008, Jumapili, tuko kwenye misa, saa tatu na nusu imepita kidogo, lile tetemeko kubwa. Wakubwa mnakumbuka, ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, watu walikufa makanisani siku ile na huku kwetu nyumba zilianguka. Tulikuwa katikati ya wimbo. Sauti ya kwanza ikakatika, ya pili ikakatika, watu wanalia, vumbi linashuka kutoka juu, wengine wanakimbilia mlango mmoja wanakanyagana. Papa hakunyamaza. Aliendelea na besi yake, ile ile, polepole, macho kwa maestro kama siku zote. Kanisa lote likawa linasikia sauti moja tu ya chini. Na watu wakaacha kusukumana. Nawaapia, walitoka kwa mstari. Mimi nilikuwa nimembeba mdogo wangu na mpaka leo nikiisikia besi popote miguu yangu inatulia.

Kama hiyo si solo, solo ni nini?

#20 Fundi_Solfa
Nilikuwa mbele siku ile, mkono wangu ulikuwa bado juu. Ni kweli aliendelea. Lakini hakuwa anaimba solo, alikuwa anaimba besi ya wimbo ambao wengine wameuacha. Baadaye nilimwambia Papa leo umeimba peke yako, akanikatalia kabisa, alisema "nyinyi ndio mlinyamaza". Akasema angenyamaza naye hatungejua pa kurudia. Na kweli tuliporudia nje, uwanjani, tulirudia palepale alipokuwa amefika.

#21 Jirani_wa_Mtaa
Mimi sikuwa karibu naye hapo kanisani, nilikuwa upande wa mlango, nilikimbia kati ya wa kwanza. Nilisikia padri akipiga kelele tutulie. Besi sikuisikia. Sisemi haikuwepo, nasema nje watu walikuwa tayari wanasali kwa sauti kubwa kabla yao kutoka.

#22 Asubuhi_ya_Tetemeko
Ulikimbia yaya, ungesikia wapi.

#23 Lushois_wa_Kenya
Mimi sasa naamini ya tetemeko. Halafu asubuhi nikisoma tena namba 3 naamini ya animasio. Endeleeni.

#24 Kijana_wa_Nyawera
Je, si ilikuwa 1996? Baba yangu anasema baada ya Askofu wetu wa Bukavu, Munzihirwa, kuuawa, 29 Oktoba, watu wengi wa korali hawakuweza kuimba kwa muda, na Papa alimpenda sana. Labda tangu hapo.

#25 Sauti_ya_Pili
Kuimba wengi walishindwa, hiyo kweli, hata mimi. Lakini solo alikuwa anazikataa tangu zamani, soma namba 5. Nikukumbushe Septemba 2000, Askofu Kataliko aliporudi kutoka Butembo, RCD walikomhamishia kwa nguvu, mji mzima ulishuka barabarani, tuliimba mpaka sauti zikaisha, na maestro wa siku ile alimpigia Papa magoti aanzishe zaburi. Akamshika mtoto mmoja bega, akamsukuma mbele. Yule mtoto leo ni padri.

#26 Mke_wa_Tenor
Mbona hatuongei kama alivyokuwa mume? Mimi nataka hilo liandikwe humu.

Mama alipopata sukari na macho yakaanza kumwacha, Papa ndiye alikuwa anapika. Mzee wa umri ule, anasonga bugali, anachambua lenga-lenga, anapima chakula kwa mizani ndogo maana muuguzi alimwambia kiasi ni muhimu, na vipimo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wanaume wa mtaa walimcheka mwanzoni. Hakuwajibu. Jumapili alikuwa anabeba kiti cha plastiki kichwani na mkono mwingine anamshika mama, wanapanda polepole, anamweka nyuma kidogo ya sauti ya kwanza ili aendelee kuwa kwenye korali hata akiwa ameketi. Na barua! Kila mwaka siku ya ndoa yao alimwandikia mama barua, anaweka timbri, anaipeleka kwa B.P. ya parokia, na mama anapelekewa na katibu wa parokia. Wanakaa nyumba moja jamani. Mume wangu nilimwonyesha, akasema mimi nitakutumia mesaji. Nikamwambia hapana.

#27 Timbri_za_Zamani
Dada, barua zile zilianza wakati mama alipokaa Kinshasa kwa matibabu, ndiyo sababu. Aliporudi Papa hakuacha. Timbri zake nimeziona, alikuwa anachagua za ndege na maua tu, za viongozi hakuweka hata moja.

#28 Bagira_Quartier_C
Za viongozi hakuweka hata moja!! Munasikia? Narudia namba 3.

#29 Muana-Kadutu
Nimetoka kilio sasa hivi. Watu wengi mno, shirika letu na la juu yote yako pale, posta ya zamani wamekuja na kravati zao. Nilipata nafasi ya kukaa na mama. Nikamuuliza moja kwa moja: mama, kwa nini Papa alikataaga solo?

Alicheka kwanza, halafu machozi. Akasema: "Nyumbani aliniimbia solo kila asubuhi. Ninyi mulitaka nini tena?"

#30 Dada_wa_Panzi
Nimelia hapa ofisini. Mama huyo.

#31 Jirani_wa_Mtaa
Siwezi kumpinga mama, na Mungu anisamehe, lakini ukuta wangu na wao ni mmoja. Asubuhi alikuwa anachemsha maji ya kumwogesha mama na walikuwa wanaimba, ni kweli. Wawili. Mama juu, yeye chini. Siku ambazo mama alikuwa hoi na haimbi, Papa aliimba chini peke yake na aliacha nafasi ya mama ipite, ukisikiliza unajua kabisa wimbo gani ingawa sauti yake haipo. Solo sikusikia.

#32 Sauti_ya_Pili
Basi ndiyo niliyosema namba 2.

#33 Fundi_Solfa
Na ndiyo niliyosema namba 4.

#34 Noeli74
Mama angesema nini kuhusu 1974, alikuwa bado hajaolewa.

#35 Mzee_wa_Nguba
Walioana 1973. Nilikuwepo, nilikula.

#36 Noeli74
Sawa Mzee, nimepokea. Ila habari ya Walungu bado nasimama nayo.

#37 Muana-Kadutu
Kuna lingine. Mama amenikabidhi daftari ili tuchague nyimbo za misa ya mazishi. Ni zito, jalada la kartoni, kurasa zingine zimeshikana kwa maji. Mbele ni nyimbo, solfa, sauti zote nne. Ukiligeuza kichwa chini ukaanzia nyuma ni yale majina Mzee wa Nguba aliyosema, kushoto na kulia, kurasa kwa kurasa. Ni daftari moja lile lile, Mzee! Yanakutana katikati.

Na kwenye nyimbo zenye solo, ameandika solo yote kwa kalamu ya risasi, na alama za kupumua, na mahali pengine ameshusha ufunguo ikae kwenye sauti yake. Si za soprano tu, za tenor pia, hata ile mistari ya Ijumaa Kuu. Alizijua zote. Alizifanyia mazoezi.

#38 Sauti_ya_Pili
Alizifanyia mazoezi au alikuwa anawafundisha watoto? Mimi solo yangu ya kwanza alinifundisha yeye nyuma ya sakristia, noti kwa noti, akinionyesha pa kupumua.

#39 Bagira_Quartier_C
Ya kufundisha soprano atashusha ufunguo kwa sauti ya ye mwenyewe kwa nini?

#40 Fundi_Solfa
Ili aweze kuonyesha. Mwalimu hawezi kuonyesha asichoweza kufika. Ingawa... za Ijumaa Kuu hazikuhitaji kushushwa, na hakuna kijana aliyefundishwa zile na yeye, wote niliwafundisha mimi. Hapo sina jibu.

Muana-Kadutu, sikiliza, kurasa zilizoshikana usizivute na usizianike juani. Weka karatasi kavu katikati ya zile zinazofunguka, badilisha jioni na asubuhi, juu uweke kitu kizito kiasi. Jumamosi baada ya mazoezi nakuja tupige picha ukurasa kwa ukurasa, nyimbo tunawapa korali zote zinazotaka, Goma wa kwanza. Majina ya nyuma tusiyaweke mtandaoni, ni ya watu, yakae kwa mama. Na sauti ya nne kwa misa ya mazishi nahitaji kila mwanaume anayeshuka mpaka sol, mazoezi ni kesho saa kumi, njooni na maji ya kunywa.

#41 Volkano_Goma
Boti imechelewa ila niko njiani. Sol nashuka, fa pia.

#42 Bagira_Quartier_C
Nitakuja, na kaka yangu. Muana-Kadutu, mbele ya kurudisha kwa mama niangalilie kule nyuma, upande wa kulia, herufi M. Babu yangu alikuwaga anapata barua kwa B.P. ya parokia na jina yake ya mbele ya 1972 kwetu hakuna mutu anaijua tena.